Hamsini na Wanane wa Mara Tatu

Chuoni kwetu kulikuwa na somo ambalo wahadhiri wa idara ya umeme waliliita somo la wageni. Kwenye ratiba lilikuwa na jina refu la heshima, lakini maana yake ilikuwa hiyo tu: umeme kwa wanafunzi wa ujenzi, wa maji na wa mitambo, watu ambao hawakuja chuoni kuwa wahandisi wa umeme. Wenye shahada za juu walilikwepa kama sahani iliyotuliwa na inzi. Likashuka ngazi kwa ngazi mpaka likamwangukia mtu wa chini kabisa katika idara. Yeye akalipokea kwa mikono miwili, akakaa nalo miaka ishirini na miwili.

Tulimwita Mara Tatu. Alikuwa mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyewahi kubeba mota mgongoni, na mfukoni mwa shati, mahali wenzake walipochomeka kalamu, yeye alichomeka bisibisi. Aliingia chuoni akiwa fundi wa kutengeneza vifaa vya maabara. Alijisomea akiwa na watoto watatu nyumbani, akapata shahada yake akiwa na umri wa miaka arobaini, na kwa wenzake hiyo ilikuwa sababu nyingine ya kumtazama kwa pembe ya jicho.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wa ujenzi, na nakiri kwamba hakuna aliyetufundisha kwa bidii kama yeye. Alisema mgeni hafundishwi kwa kupitia dirishani, lazima utafute mlango wa nyumba yake. Kwa hiyo alikwenda kukaa kiti cha nyuma kwenye mihadhara ya zege, daftari mapajani, akiandika pamoja na vijana wa umri wa mwanawe wa mwisho. Aliingia pia kwenye mihadhara ya mabomba. Aliporudi kwetu alizungumza lugha yetu. Kwa watu wa maji alisema volti ni kimo cha tangi, mkondo ni maji yanayopita, na waya mwembamba ni bomba la inchi nusu ambalo fundi mwizi amelifunga mahali pa inchi mbili. Tukacheka, tukaelewa. Kisha akafuta ubao, akatugeukia.

"Hapo mfano wangu unaishia," akasema. "Maji yakimwagika utayaona. Umeme ukimwagika, wenyewe ndio utakaokuona wewe."

Jina lake lilitokana na kanuni moja. Usiguse waya mpaka umepima mara tatu. Kwanza peleka kipimo chako mahali unapojua kwa hakika kuna umeme, uone kama kinasoma. Pili pima pale unapotaka kutia mkono. Tatu rudi pale pa kwanza upime tena, ujue kipimo hakikufa njiani. Hata mtoto anaweza kuikariri, na ndiyo maana hakuamini kuikariri. Alikuwa akisema kwamba sifuri ya waya uliokufa na sifuri ya kipimo kilichokufa zinafanana kama mapacha, na hata mama yao hawezi kuzitofautisha kwa kuzitazama.

Basi mtihani wake wa vitendo ulikuwa mtego. Kwenye maabara yake, chumba cha chini kabisa chenye harufu ya vanishi ya mota zilizoungua, aliweka meza ndefu iliyotandikwa mpira, na juu yake sanduku la chuma lenye swichi. Mwanafunzi alipewa kipimo kimoja kati ya kumi, achague mwenyewe. Vinne kati ya hivyo vilikuwa vibovu kwa makusudi: waya umekatika ndani ya ganda lake, au fyuzi yake imeungua na mshale ukabaki umelala. Unazima swichi, unapima, unasoma sifuri, unaingiza bisibisi. Lakini swichi ile haikuwa ya sanduku lile. Ndani bado kulikuwa na umeme mdogo wa volti ishirini na nne, usioweza kumdhuru hata paka, na bisibisi ilipogusa tu, kengele ya mlangoni iliyofungwa chini ya meza ililia. Darasa zima lilisikia. Mara Tatu aliandika kitu kwenye karatasi, akasema kwa upole, kana kwamba anakwambia ni saa ngapi: "Umekufa. Rudi wiki ijayo."

Ukifa mara ya tatu ulilirudia somo muhula mwingine.

Mwaka wa waliotutangulia, kumi na wanne walilirudia. Wanne kati yao walichelewa kuhitimu. Mmoja alikuwa dada kutoka familia ambayo haikuwahi kutoa msomi. Aliposikia matokeo alikaa kwenye ngazi za maabara akalia mpaka mlinzi akamletea maji. Nilimwona kwa macho yangu, na damu ikanichemka. Nilikuwa kiongozi wa darasa, mwaka wa mwisho, na niliamini, kama ninavyoamini hata leo, kwamba chuo hakina haki ya kumdhalilisha mtoto wa maskini. Nikaandika barua. Niliandika kwamba mhandisi wa ujenzi si fundi wa umeme. Niliandika kwamba kengele ile ni kengele ya fedheha, na kwamba mtu mmoja asiye na hata shahada ya pili ameshika maisha ya watu mkononi. Watu hamsini na saba kati ya hamsini na tisa waliweka sahihi. Mmoja wa wale wawili ambao hawakuweka alikuwa mgonjwa hospitalini. Mwingine alikuwa Shemeji.

Shemeji alikuwa mwanafunzi wa maji, kijana mrefu mtaratibu aliyepiga pasi mpaka soksi. Alikuwa na dada wanne. Siku ya kwanza chuoni walikuja wote kumsindikiza, wakabeba ndoo yake, godoro lake na sanduku lake, na tangu siku ile bweni zima likamwita shemeji kwa matumaini. Yeye alicheka tu, akasema foleni ni ndefu. Nilipompelekea barua alisoma yote, akanirudishia. Alisema imeandikwa vizuri, ila yeye anaogopa umeme, na mtu anayeogopa kitu hamfukuzi anayekifahamu. Nikamwambia ni mwoga.

Barua yangu ilifika mahali ilipokuwa ikisubiriwa. Mkuu wa idara, daktari wa falsafa ambaye Mara Tatu alikuwa akimtengenezea vifaa vya utafiti alipokuwa bado mwanafunzi, alikuwa akikitaka chumba kile kwa muda mrefu. Ndani ya wiki mbili maabara ikafungwa kwa matengenezo yasiyokwisha, na mtihani wa vitendo ukaondolewa kwa mwaka ule. Tulishangilia. Walinibeba juu juu kutoka bwalo la chakula hadi bwenini.

Yaliyofuata alinisimulia Mara Tatu mwenyewe, miaka baadaye. Fomu ya alama bado ilikuwa na safu ya vitendo, na msajili hakupokea fomu yenye safu tupu. Mkuu wa idara alimwita ofisini, akamwonyesha kiti, akamwambia anakili tu alama ya karatasi aiweke na kwenye vitendo. Mara Tatu alisema hawezi kuandika kwamba ameona kitu asichokiona. Mkuu akamjibu kwa heshima zote: "Mwalimu, hawa si watu wetu. Hawatagusa waya maishani mwao. Usiposaini, watoto hamsini na tisa hawahitimu, na wazazi wao wameshaalikwa. Unataka hilo?"

Hakulitaka. Alikwenda nyumbani na fomu, akairudisha kesho yake imejaa, safu nzima, alama hamsini na tisa za mtihani ambao haukufanyika. Akasaini. Miaka miwili baadaye alistaafu.

Ninasema bila kumumunya maneno: chuo kinachotoa cheti kwa mtu ambaye hakikumfundisha kinafanya kazi ileile ya kipimo kibovu. Lakini sikuyasema hayo wakati ule. Wakati ule nilikuwa juu ya mabega ya watu.

Shemeji aliajiriwa kwenye mradi wa maji. Mwaka wa tatu wa kazi, pampu moja ilisimama siku ambayo fundi umeme alikuwa amekwenda msibani. Watu walikuwa wamepanga ndoo tangu alfajiri. Shemeji alishuka kwenye shimo la pampu, akazima swichi iliyoandikwa jina la pampu ile, bila kujua kwamba nyaya zilibadilishwa mwezi uliopita na maandishi hayakubadilishwa. Alitoa kipimo kwenye mkoba. Alipima. Kipimo kilisoma sifuri. Akatia mkono, na miguu yake ilikuwa majini.

Dada yake mkubwa ndiye aliyekwenda kumtafuta Mara Tatu. Alikuwa mkunga, mwanamke wa maneno machache. Polisi walikuwa wamemrudishia vitu vya mdogo wake ndani ya mfuko wa plastiki: saa, pochi, kipimo cha umeme chenye nyaya mbili, mwekundu na mweusi. Pochi na saa alimpa mama yake. Kipimo alibaki nacho, kwa sababu kulikuwa na jambo lililomsumbua. Mlinzi wa pampu alikuwa ameapa mbele yake kwamba kijana alipima kabla ya kugusa. Sasa mtu akipima na akaambiwa hakuna umeme, umeme unamuuaje? Alikwenda kuuliza chuoni. Kila aliyemuuliza alimwelekeza kwa mwingine, mpaka karani mmoja akamwambia aende kwa yule mzee aliyestaafu.

Alimkuta nyumbani, Jumamosi asubuhi. Sebule yao ilikuwa ndogo, nusu yake ikiwa imechukuliwa na meza ya kukatia vitambaa, kwa kuwa mke wa Mara Tatu alikuwa mshonaji. Cherehani ilikuwa imewashwa, taa yake ndogo inawaka. Mgeni alijitambulisha, akaeleza, akaweka kipimo mezani juu ya vitambaa. Mke akazima mota ya cherehani ili wasikilizane, akaiacha taa.

Mara Tatu alichomeka nyaya mbili kwenye soketi ya ukutani, tundu la pili kando ya waya wa cherehani. Taa ilikuwa ikiwaka. Kipimo kilisoma sifuri. Akaushika waya mwekundu karibu na kichwa chake, akaupinda kidogo. Kikaruka mpaka mia mbili na thelathini. Akauachia, kikarudi sifuri.

Dada aliona. "Hicho ndicho kilichomuua?"

"Waya umekatikia ndani. Kwa nje huoni kitu."

"Kwa hiyo yeye hakukosea."

Mkewe aliniambia kwamba pale alimtazama mumewe kwa kumsihi. Neno moja tu lilihitajika. Mgeni angenyanyuka na faraja yake, wao wangebaki na amani yao, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Mzee aliweka kipimo chini polepole.

"Alikosea, mwanangu. Alitakiwa kukipima hiki kwanza, mahali anapojua umeme upo. Kama nilivyofanya hapa. Ni nusu dakika."

"Mbona hakufanya? Yule alikuwa mwangalifu mpaka kero."

"Aliijua kanuni kwa kuikariri tu. Kuifanya hakufundishwa."

"Nani alitakiwa amfundishe?"

"Mimi," akasema. "Na nikaandika kwamba nimemfundisha. Nilimpa sitini na nane."

Dada hakulia, hakupaza sauti. Alianza kukunja ule mfuko wa plastiki mtupu, akaukunja mpaka ukawa mdogo kama kisanduku cha kiberiti. Kisha akauliza swali ambalo, kwa maneno ya mkewe, lilimzeesha mzee miaka kumi kwa mpigo.

"Darasani walikuwa wangapi?"

"Hamsini na tisa."

"Hao wengine wako wapi?"

Dada akasimama. Akasema atamwambia mama yao kwamba kipimo kilikuwa kibovu, basi, imetosha. "Hayo mengine baki nayo wewe," akasema, na akaondoka, akakiacha kipimo mezani.

Jumatatu yake Mara Tatu alikuwa kwenye mlango wa mkuu wa idara. Aliomba maabara Jumamosi tu, bila malipo, na orodha ya anwani za darasa lile, awaite mmoja mmoja wafanye mtihani ule. Mkuu alimpa orodha. Chumba alimnyima. Alisema, na hapo namheshimu kwa ukweli wake, kwamba wakiwarudisha watakuwa wamekiri kwamba hawakuwafundisha, na kukiri huko kutafika mahakamani kabla ya chai ya saa nne.

Mzee akarudi nyumbani, akafunga sanduku na kengele juu ya ubao, akakusanya vipimo kumi, akamwomba mkewe meza.

Mimi alinipigia simu wiki ileile. Nilikuwa nasimamia ujenzi wa ghorofa nne, nimevaa kofia ngumu, nimezungukwa na kelele za mashine za zege. Habari za Shemeji nilikuwa nimezisikia, nikalia kama tulivyolia wote, nikachanga, nikaandika maneno mazuri kwenye kundi letu la simu. Sikuunganisha kitu na kitu. Mzee alinieleza kwa sauti yake ileile ya darasani, jambo la kwanza, la pili, la tatu. Alipomaliza nilikuwa nimekaa juu ya mfuko wa saruji.

Nilifika kwake Jumamosi na hotuba nzima kifuani. Nilimwambia barua ile niliiandika mimi. Akasema anajua, mwandiko wangu anaufahamu, nilikuwa naandika tarakimu ya saba kama fyekeo. Nikamwambia basi aliyemuua Shemeji ni mimi.

"Barua yako ilikuwa na hoja," akanijibu. "Yule binti aliyelia kwenye ngazi, ningeweza kumfundisha bila kumliza. Hilo sikulifikiria mpaka nilipoisoma. Lakini wewe ulikuwa na miaka ishirini na mbili, na ulitia sahihi maoni yako. Mimi nilitia sahihi uongo. Usininyang'anye mzigo wangu, una wako. Chagua kipimo."

Nilichagua. Nilipima, sifuri, nikaingiza bisibisi. Kengele ikalia ndani ya sebule ya mshonaji, na mimi, mhandisi wa ghorofa nne, nikainamisha kichwa juu ya meza ya vitambaa. Hakusema nimekufa. Neno hilo alikuwa ameliacha. Alisubiri nijifute uso, kisha akasema, "Tena."

Tangu siku ile nikawa napiga simu pamoja naye. Nilidhani watu watakimbilia. Sikuwa nimewajua watu. Wengine walikuja kweli, wawili wawili, watatu watatu, wakivua viatu mlangoni kwa mke wa mzee, ambaye sote tulimwita mama, na wengi wao kengele iliwalilia. Lakini wengine walisema wana mafundi wao, wameajiri watu wa kushika waya. Mmoja aliniuliza kama mzee amechanganyikiwa. Mwingine alisema aliachana na mambo ya ujenzi, yuko benki. Mara Tatu akaninyang'anya simu.

"Benki hakuna soketi?"

Yule alicheka, akaja Jumamosi iliyofuata na suti yake.

Mama alilalamika kwa namna yake. Alisema nyumba imegeuzwa chuo, na yeye ndiye mlinzi wa geti, mpishi na makamu mkuu wa chuo bila barua ya uteuzi. Wateja wake walizoea kwamba Jumamosi nguo haipimwi. Alikuwa akisimama kwenye mlango wa jikoni na futi yake shingoni, akitazama. Aliwatambua watakaofeli kabla hawajashika kipimo. Alisema wanaonekana kwa haraka ya mabega.

Mwaka mmoja na miezi minne. Watu thelathini na mmoja, arobaini, arobaini na tisa. Dada wa Shemeji hakurudi, lakini mara mbili mzee alimtumia ujumbe wenye tarakimu tu, bila salamu. Mara ya kwanza hakujibiwa. Mara ya pili alijibiwa, "Nimeona."

Wakati huo moyo wa mzee ulikuwa umeanza kumsumbua. Miguu ilivimba, akawa analala ameegemea mito mitatu. Daktari alimwambia apunguze hangaiko. Mama alinivuta pembeni akaniomba nimwambie imetosha, hamsini na wawili kati ya hamsini na wanane, nani amewahi kufaulisha hivyo? Nilimwambia. Alinitazama kana kwamba nimefeli mtihani wake. Akaniuliza, Shemeji alikuwa mmoja kati ya wangapi?

Waliobaki walikuwa sita. Wanne hatukuwapata. Mmoja alikwisha kukata simu mara tano. Wa sita alikuwa mtu tuliyemwita Injinia tangu mwaka wa kwanza, kwa sababu alitaka aitwe hivyo hata alipokuwa hajui kushika rula. Sasa alikuwa mkubwa wa eneo la ujenzi lenye vijana arobaini chini yake, na ndiyo maana Mara Tatu alimng'ang'ania kuliko wote. Alisema huyo hayuko peke yake, ana arobaini nyuma yake watakaoshika anachokishika.

Tulimfuata kazini. Nilibeba ubao wenye kengele, mzee akabeba begi la vipimo. Tulifika saa mbili asubuhi, tukaambiwa tusubiri getini. Mlinzi alimpa mzee kiti chake. Saa tatu, saa nne. Jua likatupata. Saa sita Injinia alitoka, kofia nyeupe kichwani, simu sikioni, akamaliza mazungumzo yake yote kwanza.

"Mwalimu," akasema, "unataka nipigiwe kengele mbele ya vijana wangu?"

"Twende nyuma ya ukuta. Tutaifunga kitambaa."

Injinia akacheka, si kwa ubaya. Alimshika mzee bega, akamwambia akapumzike nyumbani, amefanya kazi kubwa, na aliyekufa alikufa kwa siku yake. Nilifungua mdomo nimpe maneno yaliyomstahili, na nilikuwa nayo mengi. Mzee alinikanyaga mguu. Akamwambia Injinia kwamba atarudi Jumatano, kama Jumatano ni nzuri. Injinia akasema sawa, mwalimu, tutaona.

Jumatano haikufika. Mzee alifariki Jumanne, mchana, akiwa ameegemea mito yake, mkewe akipiga pasi chumba cha pili. Mazishini walikuja wengi wa wale hamsini na wawili. Mkuu wa idara alisoma wasifu wake, akasema marehemu alilipenda somo lake na hakuacha deni. Niliinuka niondoke. Mama, aliyekaa mstari wa mbele, aligeuka akanitazama mpaka nikakaa. Injinia alituma shada la maua kubwa kuliko yote. Dada wa Shemeji alisimama nyuma kabisa, karibu na ukuta, na tulipogeuka kumtafuta alikuwa ameshaondoka.

Baada ya arobaini nilikwenda kumsaidia mama kupanga nyumba. Nilitaka kubeba ule ubao na begi la vipimo nimwondolee kumbukumbu. Alinikataza. Alisema bado kuna watu.

Mmoja wao alikuja kweli, mwezi wa tatu baada ya msiba, bila kupiga simu. Alikuwa mmoja wa wale wanne tuliokuwa hatujawapata, mwanamke wa mitambo aliyekwenda kufanya kazi mbali mgodini. Alisikia habari kwa mwenzake juu ya mwalimu aliyekuwa akitafuta watu. Alisafiri siku mbili. Hakujua kwamba mzee amefariki. Aliambiwa na mama palepale mlangoni, na akakaa chini kwenye kizingiti na mkoba wake begani.

Nilikuwa njiani kwenda pale siku hiyo, kwa hiyo nilichokikuta nilikikuta katikati. Vitambaa vilikuwa vimesogezwa pembeni. Ubao ulikuwa mezani. Mwanamke wa mgodini alikuwa amesimama na kipimo mkononi, macho mekundu, na kengele ilikuwa ndiyo kwanza imenyamaza. Mama alikuwa upande wa pili wa meza, mahali pa mumewe, futi shingoni.

"Enzi za chuoni mzee angekwambia urudi wiki ijayo," alikuwa akimwambia. "Mimi wiki ijayo siijui. Rudia sasa hivi. Na taratibu, mwanangu, hakuna anayekukimbiza hapa."

Yule akarudia. Alikwenda kwanza kwenye soketi ya cherehani, kipimo kikasoma sifuri. Akakiweka kando, akachukua kingine, akaanza upya: soketi, sanduku, kisha soketi tena. Aliufuata utaratibu mpaka mwisho, na kengele haikulia.

Mama alifungua daftari, akauliza jina linaandikwaje. Alipomaliza kuandika alihesabu kwa kidole, kutoka juu kwenda chini, midomo ikicheza.

"Wamebaki watano," akasema.